Mafuta Gani Yaliyomo Ndani ya Maharage?



Safari hii siandiki juu ya mshahara wala saa za ziada. Naandika juu ya maharage. Wako watakaocheka, na sina haki ya kuwakataza, maana mimi mwenyewe nilicheka siku jambo hili lilipoletwa mbele yangu nikiwa mwakilishi wa wafanyakazi wa zamu ya mchana.

Mahali ninapofanya kazi ni kiwanda cha sukari chenye mashamba yake ya miwa. Huko yuko mzee mmoja wa boila. Ni Msabato, wala si wa kuacha nguruwe tu. Nyama yote aliiacha tangu ujana wake. Saa sita hufika kantini, huchukua posho na maharage, huketi chini ya mwembe na kula polepole. Kila baada ya muda humwendea mkandarasi wa kantini na kumwuliza, "Maharage haya mnayaunga kwa mafuta gani?" Hujibiwa, "Mafuta ya kupikia, mzee, kama ya watu wote." Naye hushukuru na kwenda zake.

Mwaka jana kijana wa kuosha masufuria, kibarua wa kutwa, aliyaona nyuma ya jiko madebe yasiyo na karatasi wala maandishi. Nyumbani kwao wana bucha, kwa hiyo hakuhitaji kuambiwa. Ilikuwa shahamu ya ng'ombe iliyoyeyushwa, ambayo mkandarasi aliinunua kwa bei ya kutupa. Kijana akamnong'oneza mzee. Mzee akaweka sahani chini, akanawa mikono, akarudi boilani na njaa yake. Siku ya tatu kijana hakuonekana jikoni. Alikuwa amepelekwa shambani kukata miwa, akiambiwa kwamba kazi ya kuosha imepungua, ingawa masufuria yalikuwa yale yale na walaji wale wale.

Nilimwendea mkandarasi. Akaniuliza kama kuna mtu aliyekufa. Nikamwendea mzee, na kwa mzaha wa kijinga nikamwambia kwamba ng'ombe naye alikula majani, kwa hiyo mafuta yake ni mboga vilevile. Hakucheka. Alisema, "Mwanangu, mimi sina ugomvi na ng'ombe. Miaka minne niliuliza, na miaka minne nikajibiwa."

Tangu siku hiyo sicheki.

Kwanza tusidhani kwamba mzee huyu yuko peke yake. Katika mashamba na viwanda vyetu wamo Waislamu, ambao nyama wanakula lakini lazima wajue imechinjwaje, na ambao mafuta ya nguruwe ni haramu kwao hata tone moja. Wamo Warasta. Wamo mafundi Wahindi, Wahindu na Wajaini, ambao hawajapata kula nyama maisha yao yote. Mfanyakazi Mhabeshi wa kanisa la Orthodoksi hafungi kwa kukaa na njaa tu. Jumatano na Ijumaa, na siku 55 kabla ya Pasaka, hali nyama, maziwa wala mayai. Yuko pia mtu asiye na dini yoyote ya kumzuia, ila moyo wake umekataa. Huyu naye ni mwanachama na hulipa ada kama wewe.

Watu wote hao wanaweza kuiona nyama na kuikwepa. Taabu iko katika nyama isiyoonekana.

Chukua peremende zile laini zinazovutika, ambazo watoto wetu huzipenda. Nyingi zinashikana kwa jelatini, na jelatini hupatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya ng'ombe au ngozi ya nguruwe. Jelatini hiyo hiyo hutiwa katika baadhi ya maziwa ya mgando ya dukani ili yawe mazito, na ndiyo ganda la kapsuli nyingi tunazopewa zahanati. (Simwambii mtu aache dawa. Nasema tu kwamba Mwislamu au Msabato anayemeza kapsuli ana haki ya kujua, na daktari akiulizwa mara nyingi anaweza kumpa tembe.) Jibini ya zamani iligandishwa kwa reneti, maji yatokayo katika tumbo la nne la ndama aliyechinjwa akiwa bado ananyonya. Siku hizi jibini nyingi hugandishwa kwa reneti ya vijidudu vya maabara, lakini ile ya ndama bado ipo, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Rangi nyekundu iandikwayo E120 hutoka kwa mdudu mdogo anayekaa juu ya mpungate, hasa huko Peru. Hukaushwa na kusagwa kwa makumi ya maelfu. Mwaka 2012 kampuni ya kahawa ya Marekani iitwayo Starbucks ililazimika kuacha rangi hiyo baada ya wateja wasiokula nyama kugundua kwamba kinywaji chao cha stroberi kilitiwa wadudu. Ule mng'aro wa peremende ngumu, E904, hutokana na utomvu wa mdudu mwingine.

Siagi ya mkate, ile ya kopo, ina historia yake, na wafanyakazi inatuhusu. Ilibuniwa Ufaransa mwaka 1869 na Hippolyte Mège-Mouriès, baada ya mfalme Napoleon wa Tatu kutangaza zawadi kwa mtu atakayepata badala ya siagi iliyo rahisi, kwa ajili ya wanajeshi na watu wa hali ya chini. Aliitengeneza kwa shahamu ya ng'ombe. Basi tangu mwanzo kitu hiki kilikusudiwa meza ya mnyonge, na mnyonge hakuulizwa. Leo ile ya kwetu kwa kawaida ni ya mafuta ya mimea, na michikichi ya kule Kalangala, ndani ya ziwa Victoria, inakamuliwa kwa kazi ya mikono ya wenzetu. Lakini hata katika kopo la mafuta ya mimea, vitamini D iliyoongezwa mara nyingi imetolewa katika mafuta ya manyoya ya kondoo.

Ziwa hilo linanikumbusha jambo lingine. Wavuvi na wafanyakazi wa viwanda vya samaki wanayajua mabondo, yaani kile kibofu cha hewa kilicho ndani ya sangara, ambaye wengine humwita mbuta. Hukaushwa na kusafirishwa ng'ambo kwa bei kubwa kuliko minofu. Mengi huliwa huko China. Lakini Waingereza kwa muda mrefu wametumia vibofu vya samaki kusafishia bia: huyeyushwa, humiminwa ndani ya pipa, na takataka zote zikazama chini. Mnywaji anaona bia safi na kusifu. Kampuni ya Guinness ilitangaza mwaka 2015 tu kwamba itaacha njia hiyo. Anayejizuia nyama na samaki kwa dhamiri, huku jioni akinywa chupa yake kwa amani, alikuwa hajui lolote miaka yote hiyo.

Sasa nije kwenye kazi yangu mwenyewe, maana hapa siongei kwa kusikia.

Huvuma mara kwa mara maneno kwamba sukari nyeupe hupitishwa katika mifupa. Kijana mmoja wa mashine za kuzungushia sukari aliwahi kuniambia kwamba mama yake amekataa sukari ya kiwanda kwa sababu hiyo. Ukweli ni huu. Katika kiwanda cha aina yetu, miwa inakamuliwa, maji yake yanatiwa chokaa na kupashwa moto, kisha yanapitishwa moshi wa kiberiti ili yawe meupe. Uchafu unazama, maji safi yanachemshwa mpaka yawe mazito, yanapikwa tena katika pani mpaka chembe zitokee, halafu mashine inazungusha na kuitenga molasi. Nimefanya kazi karibu kila hatua ya hizo, na sijaona mfupa. Lakini uvumi haukutoka hewani. Nchi nyingine wana viwanda vya namna ya pili, ambavyo havipokei miwa. Vinapokea sukari ghafi ya kahawia na kuisafisha upya. Marekani, baadhi ya viwanda hivyo mpaka leo huipitisha sukari iliyoyeyushwa katika minara iliyojaa makaa ya mifupa ya ng'ombe. Makaa hayo hunyonya rangi, sukari ikatoka nyeupe kama theluji. Mfupa haubaki ndani ya sukari, ni kweli. Lakini mtu aliyeapa kutokuwa na sehemu katika kuchinja ng'ombe ana haki ya kuamua mwenyewe kama hilo linamhusu. Viwanda vingine vya namna hiyo hutumia makaa ya mkaa wa mawe au ya vifuu vya nazi, na sukari ni nyeupe vilevile, kwa hiyo mifupa si lazima.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu moja. Yule mama aliyekataa sukari yetu hakukosea kwa ujinga. Alikosea kwa sababu hakuna mtu wa kiwandani aliyemweleza, na mtu asipoelezwa hujaza mwenyewe. Siri ya mwajiri na uvumi wa sokoni ni ndugu wa tumbo moja. Nimesikia watu wakisema soda fulani ina nguruwe, biskuti fulani ina damu, na maneno mengi kati ya hayo ni upuuzi mtupu unaoweza hata kufunga kiwanda na kutupotezea kazi. Dawa ya upuuzi huo ni kusema wazi kilichomo.

Sheria inasemaje? Nchi nyingi, zikiwemo zetu za Afrika ya Mashariki, zinafuata kanuni za kimataifa za chakula ziitwazo Codex, ambazo zile za lebo zilipitishwa mwaka 1985. Zinataka kila pakiti iorodheshe vilivyomo, kuanzia kilicho kingi mpaka kilicho kidogo. Zinasema pia jambo zuri ambalo wachache wanalijua: mafuta ya nguruwe na ya ng'ombe lazima yatajwe kwa jina lake, wala hairuhusiwi kuyaficha chini ya neno "mafuta" peke yake. Kwa hiyo mkandarasi wetu, kama angekuwa anauza kopo lenye lebo, asingeweza kusema "mafuta ya kupikia" akanyamaza. Yeye alipona kwa sababu sufuria haina lebo.

Lakini kanuni hizo zina matundu. Kitu kinachotumika katika utengenezaji tu na hakikusudiwi kubaki ndani ya chakula hakilazimiki kuandikwa; hapo ndipo mabondo ya bia na makaa ya mifupa yanapopita bila kuonekana. Tundu la pili ni namba. Mtu akisoma E471 hajui kama mafuta yaliyotumika ni ya mchikichi au ya ng'ombe, maana yote mawili yanawezekana. Na maandishi yenyewe ni ya Kiingereza, madogo kama mayai ya sisimizi, yamebandikwa mahali pakiti inapokunjwa. Mwenye pakiti anapotaka kusifu bidhaa yake hutumia herufi kubwa nyekundu, kwa hiyo tusiambiwe kwamba nafasi haitoshi.

Wako wanaosema haya ni mambo ya watu walioshiba. Mwenye njaa hachagui. Nawauliza hao waangalie habari za zamani. Mwaka 1857 huko India, askari wa Kihindi wa kampuni ya Waingereza walipewa bunduki mpya, ambazo risasi zake zilifungwa katika karatasi iliyopakwa mafuta, nayo ilipaswa kung'atwa kwa meno. Habari ikaenea kwamba mafuta hayo ni ya ng'ombe na nguruwe. Wale hawakuwa matajiri. Walikuwa watu wa mshahara mdogo, Wahindu na Waislamu pamoja. Huko Meerut askari 85 walikataa kuzigusa, wakafungwa minyororo mbele ya wenzao, na kesho yake, tarehe 10 Mei, wenzao waliwafungua kwa nguvu, na nchi kubwa ikawaka. Manung'uniko yalikuwa mengi kabla ya hapo, ya kodi na ardhi na dharau. Lakini mtu huvumilia mengi mpaka siku atakapogundua kwamba kile alichokataa kimetiwa kinywani mwake kwa hila.

Wala si habari za kale tu. Mwaka 1983 ilifichuka huko huko India kwamba shahamu ya ng'ombe iliyoagizwa kutoka nje imechanganywa katika mafuta yaliyouzwa kama ya mimea, ambayo familia maskini walipikia kila siku. Marekani, mikahawa ya McDonald's ilitangaza mwaka 1990 kwamba viazi vyake vitakaangwa kwa mafuta ya mimea, na watu wasiokula nyama wakavila kwa miaka kumi. Kumbe viazi hivyo vilitiwa ladha ya ng'ombe kabla ya kufika mkahawani. Walishtakiwa mwaka 2001, na mwaka 2002 wakaomba radhi na kukubali kulipa dola milioni 10. Ombi la radhi lilikuwa na maana kwangu kuliko fedha, maana lilikiri kwamba mlaji hakupewa habari kamili, si kwamba alikuwa msumbufu.

India ilijifunza. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kila pakiti ya chakula inayouzwa huko lazima iwe na alama: doa la kijani ndani ya mraba wa kijani kama hakina nyama, na alama ya rangi ya kahawia kama kina nyama. Asiyejua kusoma anaelewa. Pakiti hizo tunazo hapa, biskuti na viungo vya Kihindi vimejaa madukani. Kesho ukinunua biskuti hizo itazame ile alama pembeni. Nilikuwa nikiiona miaka yote nikidhani ni pambo. Basi, kama mwenye kiwanda wa huko anaweza kupiga doa moja la rangi, wa kwetu anashindwa nini?

Nirudi kantini. Tulipolipeleka suala la mzee kwa uongozi, jibu la kwanza lilikuwa kwamba mafuta ya mimea ni ghali, na kama tunayataka, basi siku ya nyama, ambayo ni Ijumaa, itafutwa. Maneno hayo yalitangazwa kwa makusudi wakati wa chakula ili kila mtu ayasikie. Kufika jioni wenzetu walikuwa wanamtazama mzee kwa jicho baya, kana kwamba yeye ndiye aliyewanyang'anya kitoweo. Hila hii ni ya zamani na bado inafanya kazi, kwa sababu tumbo ni jepesi kugombanishwa. Kamati ya tawi ikafanya jambo moja tu: ikadai kuona risiti za manunuzi ya kantini za miezi sita. Risiti hazikuja. Na habari ya kufuta siku ya nyama haikutajwa tena. Leo maharage yanaungwa kwa mafuta ya kopo lenye lebo, na Ijumaa nyama ipo.

Yule kijana alirudishwa jikoni baada ya wiki tatu. Malipo ya tofauti kati ya kazi hizo mbili hajalipwa mpaka leo, na tunalifuatilia.

Maoni yangu ni kwamba jambo hili lisiachiwe bahati. Katika mkataba ujao tuandike kwamba kila kopo na pakiti ya jikoni ya kazini ikae mahali wafanyakazi wanapoiona, na mpishi akiulizwa ajibu ukweli, na akiwa hajui aseme hajui. Tuandike kwamba siku zote kuwe na sufuria moja isiyoguswa na nyama wala mafuta yake, na upawa wake peke yake. Jambo hili halina gharama yoyote isipokuwa upawa. Na zaidi ya yote tuandike kwamba mfanyakazi anayesema kilichomo ndani ya chakula hatahamishwa wala kufukuzwa. Hili la mwisho lisiwe kwa ajili ya kantini tu. Wako wenzetu katika viwanda vya biskuti, vya mafuta, vya bia na vya maziwa. Ni wao wanaofungua magunia na kumimina ndani ya mashine. Mkaguzi wa serikali huja mara chache kwa mwaka, akiwa amepigiwa simu kabla. Anayemimina yuko pale kila siku. Tangu mwaka 1956 Shirika la Kazi Duniani lina pendekezo lake, namba 102, juu ya ustawi wa wafanyakazi kazini, na kantini zimetajwa humo. Hatuombi kitu kigeni.

Mzee wa boila sasa anakula tena chini ya mwembe. Maharage ya kantini anayachukua Jumatatu mpaka Alhamisi. Ijumaa huja na yake kutoka nyumbani, ndani ya kikopo, kwa sababu siku hiyo bado upawa ni mmoja.

Mkutano wa tawi utakuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nane mchana. Kila mmoja aje na pakiti au kopo tupu la kitu anachokula nyumbani ambacho hakielewi, tukisome pamoja. Wenye macho mazuri wakae mbele.